Hii Toa, Usisahau

Watu wa kwetu hawana subira na kitu kisichofunika. Blanketi hufunika mtu, shuka hufunika godoro, na kitambaa cha kiti hufunika kiti kilichochakaa ili mgeni asijue. Vitambaa vyangu havikufunika chochote. Vilikuwa vidogo, ukubwa wa trei ya kuandalia chai: kitambaa kimoja kizima juu, pamba katikati, kingine kizima chini, na mishono ya mkono ikipita matabaka yote matatu mpaka juu pakafanya matuta na mabonde. Hakuna kiraka hata kimoja. Nilivitundika ukutani sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Joan, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, alipoviona mara ya kwanza alikishika kimoja, akakigeuza mbele na nyuma akitafuta mahali mtu anapotia mkono.

"Sasa Edinah, hii inafunika nini?"

"Inafunika ukuta," nikamwambia. "Ukuta wangu unasikia baridi."

Alicheka, lakini si sana.

Joan si mtu mbaya. Ni mtu wa kadibodi. Yule mama mzungu aliyekuja kanisani kwetu, huku upande wa Litein, kutufundisha kushona kwilti, yaani mablanketi ya viraka, aliporudi kwao alimwachia Joan vipande vya kadibodi vya kupimia, na tangu siku hiyo hakuna kiraka kilichokatwa bila kadibodi. Nyekundu ikae karibu na nyeupe. Bluu ikae karibu na nyeupe. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo tulivyofunzwa. Mimi nilimwona yule mzungu kwa macho yangu akikata vitambaa vyake mwenyewe bila kupima, mkasi ukienda unakotaka, lakini jaribu kumwambia Joan maneno hayo.

Sisemi kwamba nilikuwa mkaidi tangu mwanzo. Nilikata miraba yangu kama wenzangu, nikaiunganisha, nikaipiga pasi ya makaa. Ningekuwa nakata miraba mpaka leo kama si mwaka wa tisini na nane.

Mvua ya El Nino ilianza mwishoni mwa tisini na saba ikakataa kuisha. Barabara yetu ikawa tope, mabati yakaota kutu, nguo tukawa tunazikaushia jikoni juu ya moshi. Halafu malaria ikapanda milima. Sisi wa huku kwenye baridi tulikuwa tumezoea kusema malaria ni ugonjwa wa watu wa ziwani. Mwaka ule haikuuliza mtu anatoka wapi. Iliingia boma baada ya boma, na kwetu ikamchukua Chepng'eno.

Alikuwa na miaka minane. Alikuwa mtoto wetu wa pekee, tuliyempata mimi na mume wangu Mathew wakati watu walikuwa wameshaacha kutuuliza.

Nataka kuieleza ile siku kwa ufupi kwa sababu siwezi kuieleza kwa urefu. Asubuhi homa ilipungua. Akaamka, akavaa sweta yangu, akasema anataka chai. Nilifurahi mpaka nikaongeza maziwa. Mezani nilikuwa nimetandaza marekani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kilikuwa mali ya kikundi, kikingoja kukatwa kwa ajili ya upande wa chini wa kwilti. Mikono ya mtoto ilikuwa dhaifu. Kikombe kikainama, chai ikamwagika juu ya kitambaa, ikatambaa. Aliniangalia kwanza kuona kama nitakasirika. Alipoona sikasiriki akaangalia doa, akaanza kucheka.

"Mama, ona. Imekuwa ng'ombe. Lakini haina mguu moja."

"Itatembea aje?"

"Itaruka."

Tulicheka sote wawili. Jioni homa ilirudi na nguvu mpya. Mathew na jirani yetu Kipkemoi walimbeba juu ya kiti kupita kwenye tope mpaka barabara kubwa, wakapata gari, wakafika hospitali, na huko akakata roho. Mimi nilifika nyuma yao nikiwa nimebeba chupa ya uji.

Baada ya mazishi watu waliacha kuniita Mama Chepng'eno. Walifanya hivyo kwa huruma, najua. Wazee wetu hawakupenda jina la mtoto aliyekufa litajwetajwe, na hata sisi tuliookoka bado tunaogopa kidogo. Wakaanza kuniita Edinah, wengine "wewe dada", wengine wakakohoa tu kabla ya kunisalimu. Mathew alikusanya nguo za mtoto na madaftari yake ya shule akayapeleka kwa dada yake, nami sikumzuia. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la mtoto. Aliamka, akachuma chai, akapeleka majani kwenye kituo cha kupimia, akarudi, akala. Sikumchukia. Nilimkasirikia tu, kila siku, kutoka asubuhi mpaka usingizi uje.

Kitu kimoja kilibaki nyumbani kwa sababu hakikuwa cha mtoto, nacho ni ile marekani ya kikundi. Doa lilikuwa limekauka, rangi ya udongo hafifu, ukingo wake mweusi kidogo. Joan alipotuma watu waje kuchukua kitambaa, nilikata sehemu yenye doa nikaificha, nikawapa kilichobaki na kusema panya wamekula. Panya wa nyumbani kwetu wamesingiziwa mengi.

Nilidhani nitaifanya ile sehemu kuwa kiraka cha katikati cha kwilti ya kawaida. Nikaweka kiraka chekundu kando yake, nikakiondoa. Nikaweka cha bluu, nikakiondoa. Sikuweza kuvumilia kitambaa kingine kikiligusa lile doa. Basi nikaacha kipande chote kikiwa kimoja, nikaweka chini yake pamba ya mto mkuukuu, na chini yake kitambaa cha pili, nikapiga bandi ili visihame, halafu nikakaa na sindano bila kujua pa kwenda. Hakukuwa na kadibodi. Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Nikashona mstari mmoja kulizunguka doa, nikifuata kila kona yake, miguu mitatu na mkia. Kisha mstari wa pili nje ya ule, kisha mwingine, mpaka ukingoni, jinsi mistari ya chai inavyozunguka kilima chetu. Nilipomaliza nikatambua kwamba muda wote ule sikuwa nimelia.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu vitambaa. Nasema kuharibu kwa sababu ndivyo Mathew alivyosema, na mara nyingi hakukosea. Nilichemsha uzi kwenye chai ya rangi, nikapata kahawia za kila namna. Nilichemsha majani ya mahindi, nikapata harufu tu. Nilipaka tope la barabarani, kitambaa kikakauka kikawa kigumu mpaka sindano ikakatika. Nikachukua unga wa mkaa wa senetwet, ule mti tunaosugulia ndani ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikaupitisha juu ya mishono. Matuta yakashika weusi wa samawati na mabonde yakabaki meupe. Kile kilipendeza mpaka nikaogopa. Vingine nilivitupa kwa kuku wakavilalia. Kila kimoja kilikuwa kitambaa kizima, na kila kimoja nilikianza bila kuchora. Lakini kile cha kwanza kilikaa peke yake, ukutani juu ya kitanda, na sikukitia sindano tena.

Aliyenisukuma niendelee ni Muthoni.

Muthoni aliuza vitambaa mjini Kericho, kwenye duka jembamba lenye cherehani moja mlangoni. Zamani alikuwa na duka Kedowa, mpaka mwaka wa tisini na mbili nyumba zilipochomwa na watu wa kwao wakakimbia. Habari za siku zile hakuwahi kunisimulia, na kwa kuwa waliochoma walizungumza lugha yangu, mimi sikuwahi kuuliza. Tulizungumza vitambaa. Tulichekana matamshi. Nikiomba kitambaa cha kauni, yeye huuliza kauni ni mnyama gani, kwa sababu kwetu sisi Wakipsigis g na k, b na p, d na t hulala chumba kimoja mdomoni. Yeye naye akitaka kalamu husema karamu, nami humuuliza karamu hiyo ni ya arusi ya nani.

Na ni yeye peke yake aliyeendelea kuniita Mama Chepng'eno. Aliniita hivyo kwa sauti kubwa, kutoka ng'ambo ya barabara, watu wakasikia. Mara ya kwanza nilisahau nilichokuwa nimekuja kununua. Baada ya hapo nilikuwa natafuta sababu ya kupita dukani kwake ili niitwe tena.

Nilipomwonyesha kile cha mkaa wa senetwet alikitundika dukani, juu ya cherehani, na kila mteja aliyeuliza kinafunika nini alijibiwa kwa macho tu.

"Jaribu tu, Mama Chepng'eno," aliniambia, akinijazia mfuko vipande. "Kitambaa haina mdomo ya kulalamika. Ikiharibika, uko na ingine."

Lakini habari ya doa sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Kusema doa ni la nani ni kusimulia asubuhi ile, na asubuhi ile ilikuwa yangu. Niliona nikiigawa itapungua.

Mwezi wa nane dada yangu aliyeolewa Mulot alijifungua, nikaitwa kwenda kumsaidia. Kuta za nyumba yetu zilikuwa zimeota ukungu, na kile kitambaa cha kwanza kilikuwa kimeanza kufumuka nyuzi ukingoni. Nikaogopa kukiacha. Nikaona nikipeleke kwa Muthoni akipige pindo kwa cherehani, na akiweke pakavu mpaka nirudi.

Siku hiyo mjini ilinyesha mawe. Anayejua mvua ya mawe ya Kericho juu ya mabati anajua kwamba watu huacha kuzungumza, huonyeshana tu kwa mikono. Nilikuwa na haraka, gari la Bomet, la kunipeleka njia ya Mulot, lilikuwa linajaa. Nikakifunua kitambaa juu ya meza yake.

"Piga pindo tu!" nikapaza sauti.

"Nini?"

"Pindo! Huku kwa ukingo!"

Kisha nikaweka kidole katikati, juu ya ng'ombe wa Chepng'eno. Nilikuwa nimeogopa ghafla kwamba cherehani inaweza kupita pale, au mtu akaweka mkasi wenye kutu, au sijui nini. "Na hii toa, usisahau!"

Alisogeza sikio. "Hii?"

"Hii toa! Usisahau!"

Akaitikia kwa kichwa, akanisukuma mgongoni niwahi gari.

Nilikaa Mulot mpaka mtoto wa dada akaanza kukaza macho na kumjua anayembeba. Nilimwogesha, nikamfunga mgongoni, nikawa sawa mchana kutwa. Akilala nilitoka nje nikaangalia mifugo ya watu ikipelekwa mnadani na vumbi lake, na nikajiambia nikirudi nitamwambia Muthoni kila kitu. Nilikuwa nimechoka kukibeba peke yangu.

Niliporudi Kericho nilikwenda dukani moja kwa moja. Muthoni aliniona kutoka mbali akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Mama Chepng'eno! Kaa kwanza." Akanivutia stuli. Akafungua karatasi aliyokifungia kitambaa, akakitandaza mbele yangu.

Kilikuwa cheupe.

Pindo lilikuwa zuri, jembamba, limenyooka. Mishono yangu yote ilikuwa mahali pake, hata mmoja haukuwa umekatika. Na katikati, ndani ya mstari wa kwanza, hapakuwa na kitu.

"Ilikuwa ngumu hiyo!" alisema. "Chai ya maziwa, tena imekaa! Nimeweka ndimu na chumvi, nikaanika. Jua ikipotea naingiza, ikirudi naanika tena. Sikutaka kuweka dawa ya kung'arisha, ingekula uzi yako. Ona mikono." Akanionyesha vidole, na kweli ndimu ilikuwa imevichubua. "Lakini nimeitoa yote."

Sauti iliyonitoka sikuijua. Mteja aliyekuwa mlangoni aliondoka.

"Toa iko wapi?" nilisema. "Muthoni, toa iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Nilikuambia toa!"

"Ndiyo. Si ndio nimetoa?"

"Nilikuambia hii toa, usisahau!"

"Sikusahau!" Naye sasa alikuwa ameanza kuogopa. "Haki ya Mungu sikusahau, Mama Chepng'eno. Ulisema toa, nikatoa."

Tuliendelea hivyo, neno moja likienda na kurudi kati yetu, mimi nikililia na yeye akiniitikia, mpaka akanyamaza ghafla. Niliona midomo yake ikilijaribu neno kimyakimya. Akachukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza, polepole: DOA. Akaniangalia.

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Nikiandika, d naijua na t naijua, kila moja naiweka kwake. Lakini siku ile ya mvua sikuandika. Nilipiga kelele, na mdomo wangu ukafanya ulivyozoea tangu nijue kusema. Na Muthoni, ambaye angenicheka na kuniuliza toa ni mnyama gani, hakuwa na la kunicheka, kwa sababu safari hii neno nililokosea lilikuwa neno kamili.

"Ilikuwa ya Chepng'eno," nikamwambia. "Aliimwaga yeye. Ile asubuhi ya mwisho."

Hayo ndiyo yote niliyoweza. Muthoni aliketi sakafuni pale pale, kati ya marobota, akafunika uso kwa mikono ile iliyochubuka. Sikumwinua. Nilikunja kitambaa changu nikaondoka, na njia nzima nilimchukia yeye, na ndimu, na jua, na ulimi wangu.

Habari ilifika kwenye kikundi kabla sijavua viatu. Mmoja wao alikuja kunipa pole akasema watu wale ndivyo walivyo, huwezi kuwaachia kitu chako. Nilimwonyesha mlango. Hasira yangu ilikuwa yangu, na sikutaka mtu aje kuiazima kwa shughuli zake.

Jumamosi moja Muthoni akaja. Hakuwahi kufika kwetu hata siku moja. Tangu mambo ya tisini na mbili hakupenda kutoka mjini na kuingia vijijini, na sikumlaumu. Nilimwona akipanda kilima kati ya michai, viatu vimejaa tope, robota la marekani kichwani, akisalimu kila mtu kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyohitajika. Aliingia, akasema pole mara moja, akaweka mzigo mezani.

"Tujaribu," alisema. "Kitambaa ni ile ile, imetoka kwa robota moja. Chai ni chai. Tujaribu mpaka ikuje."

Nilijua haiwezekani, na nikachemsha maji.

Tulikata vipande, tukavitandaza, tukamwaga. Doa la kwanza lilikuwa duara kama chapati. La pili lilikimbia mpaka ukingoni. Tulipunguza maziwa, tukaongeza. Tukamwaga kutoka juu, tukamwaga kutoka karibu. Jingine lilitoka kuku kabisa, na kifua chake. Jingine lilitoka kitu ambacho Muthoni alikataa kukitaja, tukacheka, halafu tukaacha kucheka kwa pamoja. Kila mara niliweka kando yake kile kitambaa cha kwanza, nikalinganisha na mstari wa mshono, na kila mara chai ilikuwa imekwenda upande mwingine, kichwa kikaja mahali pa mkia. Meza ilijaa vitambaa vilivyolowa. Tulikuwa tumepata wanyama wote isipokuwa wetu.

Mathew aliingia kutoka kwenye kituo cha majani, kikapu kitupu mgongoni, mvua ikimchuruzika. Akaangalia sufuria, akaangalia meza, na niliona hasira ikimpanda.

"Hii ni nini sasa?"

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, lakini nilimwambia asubuhi ile yote, sweta, kikombe, ng'ombe mwenye miguu mitatu atakayeruka. Nikamwambia kwa nini nilikuwa nashona, na kwa nini kile kimoja kilikaa juu ya kitanda chetu. Nikamwonyesha mstari wa mshono na weupe uliokuwa ndani yake. Muthoni alisimama ukutani akiangalia viatu vyake.

Mathew alivua kikapu. Akapitisha kidole ndani ya ule mstari, kutoka pembe mpaka mkia, akarudia. Kisha akaangalia madoa yetu, moja moja, na mwisho akaangalia kikombe nilichokuwa nimekishika.

"Unamwaga na mkono gani?"

"Huu."

"Chepng'eno alikuwa wa kushoto."

Alilitaja jina lake, na nilikuwa nimelingoja jina hilo mdomoni mwake tangu mazishi, lakini si hilo lililonipiga. Nilikuwa nimesahau. Mtoto wangu alikula kwa mkono wa kushoto, tukimkanya kila siku mezani. Alichuma chai kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alimpiga kwa ajili ya mkono huo, nikaenda shuleni kugombana. Na mimi nilikuwa nimesahau. Miezi yote ile nililinda doa, nikaliogopea panya na ukungu na cherehani, na wakati huohuo mkono wenyewe ulikuwa umetoka kichwani mwangu polepole bila mimi kusikia. Kuna nini kingine kilichokwisha kwenda? Niliitafuta sauti yake, pale pale mbele yao, nikapata kicheko tu, na hata kicheko sikukipata chote.

Mathew alichukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akakijaza. Akaketi upande ule aliokuwa akiketi mtoto. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakiinamisha. Chai ikamwagika, ikatambaa kwenda upande wake, na kwa mara ya kwanza kichwa kikawa mahali pa kichwa. Doa lilikuwa na mgongo. Lilikuwa na kitu kama pembe. Halikuwa la Chepng'eno. Mkono wa Mathew ni mkubwa, na hauna homa.

Aliweka kikombe chini, akalaza paji la uso juu ya meza iliyolowa, akalia. Muthoni alisogea mlangoni ili atupishe.

"Kaa, mama," Mathew alisema bila kuinua kichwa. "Kaa tu."

Sikungoja kitambaa kikauke. Niliweka pamba, nikaweka marekani chini, na Muthoni, aliyehitaji kufanya kitu kwa mikono, akapiga bandi haraka haraka, akatunga uzi kwenye sindano akanipa. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Sijui nani aliniambia nifanye hivyo. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo. Wa pili ukawa mrefu kama kidole. Wa tatu ukanichoma, na damu ikaingia kitambaani. Ulikuwa mstari mbaya kuliko wowote niliowahi kushona, ukipanda na kushuka, na vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Mathew alikuwa ameinua uso. Aliuangalia mstari ule.

"Hivyo," alisema. "Hivyo ndio alikuwa anaandika."

"Endelea kuniambia," nikasema.

"Niambie unataka nini."

"Sauti yake. Alikuwa anatuita aje, akitoka shule? Pale chini, kwa mto."

Mathew alifungua mdomo. Niliona akiitafuta, kifua kimejaa pumzi, uso umegeukia mlangoni kule alikokuwa akitokea mtoto. Akaufunga mdomo. Muthoni akanishikia ukingo wa kitambaa usihame, na nikashona mshono uliofuata.